Kuku Waliogoma Kituoni

Jumatatu saa moja kasorobo asubuhi, Sajini Mbuvi alimkuta Konstebo Mwende amechuchumaa nyuma ya kituo, anabembeleza kuku.

"Kula basi," Mwende alikuwa anasema. "Kula, ama unangoja wakili?"

Kuku walikuwa kumi na moja, wote vidhibiti vya kesi, wamechukuliwa kwa mshtakiwa, Koki. Kila mmoja alifungwa utepe wenye nambari mguuni, kwa sababu mkuu wa kituo alisema kidhibiti bila nambari ni kitoweo. Sahani ya plastiki ilikuwa imejaa chakula mpaka ukingoni. Nambari nne alisogea, akadonoa mara mbili, akatikisa kichwa, akaondoka. Wengine hata hawakusogea.

"Tangu lini?" Mbuvi aliuliza.

"Ijumaa walipoletwa walikula vizuri, afande. Jumamosi wakala nusu. Jana wakaonja. Leo ndiyo hivi unavyoona."

"Maji?"

"Wanakunywa."

"Wanahara?"

"Hawahari. Macho mazuri, pua kavu. Si wagonjwa. Wamesusa tu."

Mbuvi alishika chakula kiganjani, akakinusa, akakimwaga. "Nani mwingine anagusa hili gunia?"

"Hakuna. Liko stoo na ufunguo ninalala nao."

"Na Koki?"

"Yuko seli tangu Ijumaa. Hata choo anapelekwa."

Mbuvi alitoa kijitabu akaandika saa, siku na maneno ya Mwende kama yalivyotoka. Halafu akabaki amesimama, anagonga gonga kalamu kwenye seng'enge ya kizimba.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi wa Inuka Nyanda uliwaletea akina mama wa Marungu vifaranga na magunia ya chakula. Waliouanzisha waliupangia hotelini, kwa hivyo ulipata fulana kabla haujapata banda. Wiki ya sita kuku wakaanza kuacha kula. Wakakonda, wakajikunyata pembeni wakitetemeka kwenye lile jua la Marungu, wakafa. Nyumba thelathini na moja, kuku mia mbili na sitini. Nyumba moja tu haikupoteza hata mmoja, nayo ni ya Koki Muinde, mjane wa miaka sitini na minane.

Na Koki ndiye aliyepita kila nyumba akiwadondoshea kuku chanjo ya kideri machoni. Tena Koki alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mradi ulipokuja akang'olewa ati hasomi Kiingereza. Maabara ilipima chakula, ikasema hakuna sumu, na protini ni asilimia kumi na nane kama ilivyoandikwa kwenye gunia. Basi wakubwa wakapiga hesabu yao ya kawaida: kama chakula ni kizuri, mtu ni mbaya. Ijumaa meneja wa mradi, Nicholas Ndulu, alikuja kituoni na gari lake, akataka mtu afungwe pingu. Akafungwa.

Hati ya mashtaka ilikuwa imeshachapwa. Saa nane mchana Koki angesimama mbele ya hakimu mjini Voi, na kutoka hapo ni rumande. Mama wa umri ule, rumande.

Mbuvi alifungua seli.

"Mama, kuku zako wamekataa kula."

Koki alikuwa ameketi juu ya leso aliyoikunja mara nne. "Wangapi wamekufa?"

"Hakuna."

"Basi wapelekeni nyumbani."

"Wanapewa kile kile ulichokuwa unawapa. Gunia lile lile tulilolichukua kwako. Kwako walikula miezi miwili. Hapa siku tatu wamechoka. Kwako kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na mimi."

"Mama."

"Afande, mimi niliulizwa niliweka sumu gani. Nikasema sikuweka. Hakuna aliyeniuliza lingine."

"Mimi nauliza lingine."

Koki alitazama mlango. "Ukiandika, yule mwenye gari atasoma?"

"Meneja? Atasoma."

"Basi sisemi."

Mbuvi alifungua faili, akatafuta stetimenti ya Immaculate, katibu wa kikundi, akaisoma kwa sauti. "Mimi nilimwona mara tatu, jua likizama, akienda kwenye kichuguu na chungu. Alikigeuza mdomo chini, akakifunika kwa mchanga, akaangalia nyuma kama mtu ana siri. Nikajua ni mambo ya uchawi au sumu." Akafunga faili. "Ni kweli?"

"Kwamba niliangalia nyuma? Ni kweli."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kulikuwa na mtu nyuma." Koki alijifuta uso kwa mkono. "Huyo mtoto amezaliwa Voi mjini, amesomea Voi mjini, ameolewa Marungu mwaka jana. Hajui kichuguu kina nini."

"Kina nini?"

"Nenda ufukue. Ukifukua wewe, mimi sijasema."

*

Saa mbili na nusu Mbuvi alikuwa Marungu, anatembea nyuma ya Immaculate. Msichana alivaa fulana ya mradi na viatu vya wazi, akawa anaruka ruka miiba.

"Ni pale, afande. Mimi nasimama hapa."

"Njoo karibu. Wewe ndiye shahidi."

"Ushahidi wangu ni wa mbali."

Kichuguu kilikuwa chekundu, kimemzidi mtu kimo. Chini yake mchanga ulikuwa umechimbuliwa upya. Mbuvi aliusukuma kwa kijiti mpaka kikatokea kitako cha chungu kilichopasuka ukingo. Alikipindua.

Ndani kulikuwa na mavi ya ng'ombe na mabua ya mahindi, na vyote vilikuwa vinatembea. Mchwa weupe, maelfu, walikuwa wamejenga vijia vyao vya udongo mpaka juu.

"Uuui!" Immaculate alirudi hatua tatu. "Ni nini hiyo?"

"Mchwa."

"Wa uchawi?"

"Wa kuku. Hukuwahi kuona? Unaweka mavi na mabua, unafunika, mchwa wanapanda kula, asubuhi unakung'utia vifaranga. Bibi yangu alikuwa na vyungu sita."

"Sasa kama ni chakula cha kuku tu, kwa nini afiche?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Mbuvi alienda kwenye banda la Koki. Kabla hawajachukuliwa, kuku wake walifungiwa ndani kama wa wengine wote, maana mradi ulikataza kuku kuzurura. Lakini sakafuni kulikuwa na vibonge vya udongo wa kichuguu, vimepekuliwa na makucha mpaka vikawa unga. Nyuma ya banda kulikuwa na vyungu viwili vitupu. Na kwenye mlango wa nyumba kulikuwa na karatasi ya mradi, ya Kiingereza, ina alama ya dole gumba chini.

"Nisomee hili sharti la nne," alisema.

Immaculate alisoma, akatafsiri polepole. "Ni marufuku kumpa kuku kitu chochote isipokuwa chakula cha mradi. Atakayevunja atafutwa na kunyang'anywa kuku."

"Nani alimsomea kabla hajaweka dole?"

"Mimi."

"Na mchwa?"

"Siku ya semina meneja alisema hayo mambo ya wadudu tuyaache, ni ushamba. Wazee wengine waliacha. Tukapiga makofi." Sasa alikuwa anaongea kwa sauti ya chini. "Afande, kama mchwa ndio dawa, sumu iko wapi?"

"Nani amekwambia kuna sumu?"

Mbuvi alikibeba chungu na mchwa wake, akakifunika na gunia, akakiweka kiti cha mbele cha gari.

*

Kituoni aliwagawa kuku. Watano upande huu, sita upande ule, kadibodi katikati. Wale watano aliwakung'utia mchwa. Wale sita aliwapa konzi ya mahindi, wasije watu wakasema kilichowavutia wenzao ni utamu wa kitu kipya tu. Halafu akaweka sahani mbili za chakula kutoka gunia lile lile, zote zimepimwa kwa mizani ambayo kituo kilikuwa kinapimia bangi.

Wale watano waliwavamia mchwa kama vita.

"Mchwa hata mimi nikiwa kuku ningekula," Mwende alisema. "Hiyo si ushahidi."

"Ndiyo maana hatuangalii mchwa. Angalia sahani."

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Mbuvi alizunguka kizimba. Akaingia ofisini, akatoka. Saa nne na nusu, bado. Akaangalia saa yake, akaangalia ya Mwende. Mkuu wa kituo, Inspekta Kituku, alitoa kichwa dirishani akauliza kama Koki ameshapakiwa garini.

"Bado, afande. Kuna ushahidi unakula."

"Unafanya nini?"

"Unakula, afande. Inshallah."

Saa tano kasoro dakika kumi nambari nne alitembea mpaka kwenye sahani, akadonoa mara moja, akainua kichwa kama anayesikiliza kitu. Halafu akainama, akala. Nambari saba akaja. Saa tano na nusu wote watano walikuwa wanagombania sahani iliyowashinda tangu juzi. Upande wa pili mahindi yalikwisha, na wale sita walisimama wakiangalia chakula kama watu wasiojuana nacho.

Mwende alipima. "Hawa wamekula gramu mia mbili na kumi. Hawa wengine, kumi na tano." Akarudia kupima. "Afande, ni chakula kile kile."

"Andika. Weka saa. Weka sahihi yako."

*

Pauline, mwenye duka la dawa za mifugo karibu na stesheni ya zamani ya Voi, alikuwa amesomea mifugo na hakuna aliyewahi kumwajiri. Wale walioajiriwa walikuwa na wajomba. Alisikiliza habari yote bila kukatiza, halafu akachota kijiko cha chakula alicholetewa na Mbuvi, akakitia kwenye bilauri ya maji, akakoroga.

Maji yakawa mekundu ya kahawia.

"Karatasi ya gunia inasema nini?" aliuliza.

"Mahindi na soya."

"Soya haitoi rangi hii. Hii ni unga wa damu. Damu ya kichinjioni, imekaushwa ikasagwa."

"Ni sumu?"

"Si sumu. Ni protini tupu, imeizidi soya. Ndiyo maana maabara waliridhika." Alipangusa kijiko. "Sikiliza, Sajini. Protini si kitu kimoja. Imejengwa kwa vipande vya aina ishirini, vinaitwa asidi amino. Vingine kuku anajitengenezea. Vingine lazima avile, hakuna njia nyingine. Maabara walipima ukuta una urefu gani. Hawakuuliza umejengwa kwa mawe gani."

"Damu imekosa jiwe gani?"

"Moja inaitwa isolusini. Iko kidogo sana. Na ndugu yake, lusini, imejaa kupita kiasi, sasa inaifanya hata hiyo kidogo isitoshe."

Mbuvi aliandika majina yote mawili, akamwonyesha. Pauline akasahihisha herufi moja.

"Na kuku anajuaje? Hana maabara."

"Anayo." Pauline aligusa kichwa chake. "Akila, zile asidi zinaingia kwenye damu yake, zinapita ubongoni. Ubongo unazikagua. Ukiona moja imepungua na nyingine zimefurika, unajua chakula hiki hakinijengi. Unazima njaa. Yule kuku amesimama mbele ya sahani imejaa, na hasikii hamu kabisa."

"Anakufa ameshiba?"

"Hajashiba. Hataki tu. Anakonda, baridi inamwingia, ugonjwa wowote ukipita unambeba."

"Na mchwa?"

"Mchwa wanayo ile iliyokosekana. Kidogo inatosha. Ubongo unaona hesabu imekaa sawa, unafungua mdomo, anarudi kwenye sahani ile ile. Umeona kwa macho yako."

Mbuvi aliangalia bilauri. "Kwa hivyo kuku mia mbili na sitini walijua hiki chakula ni kibovu, na wenye digrii zao wote hawakujua."

"Kuku hapokei simu kutoka juu," Pauline alisema. "Niandike stetimenti wapi?"

*

Kinu cha Baraka Nyanda, kilichosaga chakula cha mradi, kilikuwa nyuma ya mji. Mchanganyaji, Thadeus, alikuwa anakula mchana. Alimwona Mbuvi, akaacha kutafuna.

"Soya mnaweka wapi?" Mbuvi aliuliza.

"Pale."

Pale palikuwa na sakafu iliyofagiwa. Kando yake palikuwa na magunia meusi yasiyo na maandishi, na nzi.

"Hizi je?"

"Hizo ni za... za kuongezea nguvu."

"Thadeus, kuna mama wa miaka sitini na minane ameketi seli kwa ajili ya hizi nguvu. Saa nane anasomewa mashtaka. Sasa ni saba kasorobo."

"Mama gani?"

"Koki wa Marungu."

Thadeus aliweka sahani chini. "Yule wa chanjo? Alichanja za nyumbani kwetu." Akafuta mikono surualini. "Mimi nachanganya kama karatasi inavyosema."

"Iko wapi karatasi?"

Alionyesha ukutani. Fomula ilipigiliwa msumari juu ya swichi ya mashine. Neno la soya lilikatwa kwa kalamu, juu yake likaandikwa damu, nusu ya uzito, na nusu iliyobaki mahindi. Pembeni kulikuwa na tarehe na sahihi. N. Ndulu.

"Alikata mbele yako?"

"Mbele yangu. Soya ilikuwa imekawia njiani, na tarehe ya mgao wa pili, ule wa wiki ya sita, ilikuwa na wageni waalikwa, haingesogezwa. Nikamwambia meneja, kuku hawatapenda. Nilijaribu kwa zangu, wakakataa. Akasema protini ni protini. Akasema mimi nimeishia darasa la sita."

"Ungemwambia nani mwingine?"

"Ningemwambia nani, afande? Juu yake kuna nani anayeongea na mimi?"

Mbuvi aling'oa msumari kwa ufunguo wa gari.

*

Inspekta Kituku aliisoma ile karatasi, akaiweka, akaisoma tena. Simu yake ilikuwa inaita mezani. Jina lilikuwa la Ndulu. Hakuipokea, hakuikata.

"Unataka nimwambie hakimu kuku ana akili?"

"Mwambie Koki alikuwa kwenye seli yako, afande, na ufunguo wa chakula ulikuwa kwa Mwende. Kuku wakagoma hivyo hivyo. Kama ni mkono wake, ulipitia wapi?"

"Chanjo?"

"Alichanja na za nyumbani kwa Thadeus. Wanaruka mpaka leo. Hawakula chakula cha mradi."

"Stetimenti ya chungu?"

"Chungu kiko nyuma ya kituo. Ukitaka kukiona, vaa buti."

Simu ilinyamaza, ikaanza tena.

"Tungesubiri ripoti kamili ya maabara," Inspekta alisema. "Mwezi mmoja, miwili. Yeye angesubiri rumande, ni utaratibu tu."

"Mke wangu aliambiwa asubiri ripoti," Mbuvi alisema. "Ilifika tukiwa matangani."

Inspekta aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Alivuta hati ya mashtaka, akaipiga mstari kona hadi kona, akatia sahihi.

"Na huyu?" Alinyoosha kidole kwenye simu.

"Nimefungua faili yake."

"Itaitwa juu."

"Najua. Nimetoa kopi tatu."

Koki alisomewa kwamba yuko huru akiwa bado ameketi. Hakuinuka.

"Mlinichukua kikao kimekaa," alisema. "Akina mama wote wakiona. Mkaninyoosha mikono hivi."

"Mama, tutakupeleka mpaka mlangoni."

"Mlangoni nani ataona? Kuku?" Aliikunjua leso yake, akaikung'uta. "Kikao ni Jumatano saa nne. Mje na yule aliyesimama mbele yao akaniita mchawi."

*

Jumatano gari la mradi halikuja. Meneja alituma ujumbe kwamba yuko warshani Mombasa. Kinu kilikuwa kimefungwa utepe, na faili ya meneja ilikuwa imeshaitwa juu, mahali faili za wakubwa huenda zikapumzike. Mbuvi aliwaambia akina mama hivyo hivyo, bila kupamba, akawaambia pia kopi ziko wapi. Halafu akasogea pembeni.

Wanawake thelathini walikuwa wameketi kwenye viti vya kanisa. Koki aliketi mbele, peke yake, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyekuwa ameketi jirani naye tangu Jumatatu, na leo pia viti viwili vya kila upande vilikuwa vitupu.

Immaculate alisimama na karatasi. Alikuwa ameandika mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Mimi, Immaculate, katibu wa kikundi," alianza, "nasema yale niliyosema juu ya nyanya Koki, ya uchawi na sumu, hayakuwa kweli. Nilimwona na chungu, nikaongeza mwenyewe..."

Nyuma mtu aliburuta kiti. Mwingine akakohoa. Immaculate aliendelea kusoma, lakini maneno yalikuwa yanaangukia kifuani mwake.

Koki aliinua mkono. Akina mama wote wakanyamaza.

"Anza tena, mjukuu wangu," alisema. "Ile siku nyingine ulisikika mpaka barabarani."